Gari la Moshi Halina Mkwe
Mafunzo ya safari ya familia kutoka Kisii hadi Dar es Salaam kwa reli, na kurejea kwa njia ya Mombasa



Sisi tuliozaliwa Mombasa tukaja kuolewa huku Kisii hatuna reli mlangoni. Njia ya reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, milima ya Gusii iliachwa pembeni, na kwa miaka mingi bidhaa za huku zilipitia bandari ya Kendu Bay, zikivushwa ziwani kwa meli. Hata leo, mtu wa Kisii au Nyamira anayetaka kupanda treni ni lazima kwanza apande basi. Jambo hilo dogo ndilo lililotufundisha somo kubwa katika likizo ya Desemba 2024, na ndilo linalonifanya nishike kalamu wiki hii.

Mama mkwe wangu alikuwa amealikwa Dar es Salaam. Binti wa mdogo wake alikuwa anaolewa siku ya Ijumaa baada ya Alasiri, naye, kwa kuwa ndiye mama mkubwa, alitakiwa akae ubavuni mwa bibi harusi wakati idhini inapochukuliwa. Umri wake unakaribia miaka sabini, na maishani mwake hakuwahi kupanda treni. Tuliazimia kumpa heshima hiyo: mimi, mume wangu, watoto wetu watatu na yeye. Tungekwenda kwa basi hadi Dodoma, kisha treni mpya ya umeme hadi Dar es Salaam.

Tulitoka Kisii Jumatano alfajiri, tukavuka mpaka Isebania asubuhi, tukalala Mwanza. Alhamisi tukapanda basi la mapema kwenda Dodoma. Ili kuokoa gharama ya kulala Dodoma, tulikuwa tumekata tiketi za treni ya jioni ya siku hiyo hiyo. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa safi kabisa. Njiani gurudumu lilipasuka, tukangoja juani, na tulipofika stesheni ya Dodoma treni ilikuwa imekwishaondoka. Tiketi zetu hazikuwa na kazi tena. Treni za asubuhi zilikuwa zimejaa watu wa likizo, tukapata nafasi za mchana. Tulifika nyumba ya harusi baada ya Isha. Udi ulikuwa bado unanukia, na bibi harusi alikuwa amekwishaozwa.

Mama mkwe hakumlaumu mtu. Tulipokuwa tumeketi juu ya masanduku yetu pale Dodoma, alisema neno moja tu: "Gari la moshi halina mkwe." Alikuwa na maana kwamba basi la mtaani kwetu humwona mama mtu mzima akija kwa mbali, likamngoja, treni haimwonei mtu haya. Treni yenyewe haikuwa na moshi wowote, lakini neno lake lilikuwa la kweli.

Nimelifikiri sana neno hilo. Ndani ya treni hatukupata taabu yoyote, kwenda wala kurudi. Safari yetu iliharibika pale tulipotoka kwenye chombo kimoja kuingia kingine. Kwa familia ya Kisii au Nyamira, maungio hayo ni mengi: matatu, basi, mpaka, basi tena, stesheni. Kwa hiyo mashauri ninayoyatoa hapa yanahusu zaidi maungio hayo kuliko viti na madirisha.

Usiku mmoja kwenye kila ungio

Shauri la kwanza nalitoa kwa gharama niliyoilipa mwenyewe: usiunge basi la masafa marefu na treni katika siku moja. Lala kwenye mji wa stesheni, uamke umetulia, uswali Alfajiri, ndipo uende kupanda. Tulidhani tunaokoa fedha za chumba kimoja cha wageni. Tulilipa chumba hicho hicho baadaye, tukalipa na tiketi nyingine, tukakosa na jambo lililotutoa nyumbani.

Kama kuna shughuli yenye saa maalumu, iwe nikahi, maziko, daktari au mtihani, panga kufika siku moja kabla. Siku hiyo ya ziada si upotevu. Mwenyeji wako ataifurahia, na wazee watapata kupumzika.

Njia na nauli

Kwa anayetoka Kisii kwenda Tanzania, njia ya karibu ni Migori, Isebania, kisha Sirari upande wa pili, Tarime, Bunda na Mwanza. Kutoka Mwanza basi hupita Shinyanga na Singida hadi Dodoma, nayo ni safari ya kutwa nzima. Dodoma ndipo panapoanza starehe. Treni ya umeme ya Shirika la Reli Tanzania ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na ikafika Dodoma mwezi Julai mwaka huo huo. Imejengwa kwenda kwa kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa, na safari ambayo kwa basi humaliza mchana mzima huchukua saa chache tu. Njiani watoto watayapenda mahandaki ya upande wa Kilosa na milima ya Uluguru inayoonekana Morogoro.

Nauli ya kawaida ya Dodoma hadi Dar es Salaam iliyotangazwa huduma ilipoanza ni shilingi 31,000 za Tanzania kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Aliye chini ya miaka 4 hupanda bure. Treni za haraka hutoza zaidi. Ukiibadilisha fedha hiyo utaona kuwa si mbali na nauli ya Madaraka Express ya Mombasa na Nairobi, ambayo tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 za Kenya kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza. Fedha zibadilishwe benki au kwenye duka la kubadilishia fedha lenye leseni. Vijana wanaokukimbilia mpakani na mabunda mkononi waache na biashara yao.

Hati, na majina ya wanawake

Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji. Kila mtoto awe na hati yake. Mama anayesafiri na watoto bila baba yao abebe barua ya idhini ya baba na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Huenda asiulizwe, lakini akiulizwa atakuwa na jibu. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano nayo iwe mkononi. Chanjo huchomwa angalau siku 10 kabla ya safari, na ukishachanjwa mara moja kadi yako ni halali maisha yako yote, basi ihifadhi pamoja na pasipoti.

Kuna jambo linalotupata sana sisi wanawake. Kitambulisho kina jina la baba na babu, pasipoti ina jina la mume, na nyumbani tunaitwa jina la tatu. Tulimwomba mwenyeji wetu wa Dar es Salaam atukatie tiketi, naye kwa mapenzi yake akaandika jina analomwita mama mkwe tangu utotoni. Bahati nzuri tuliligundua kosa siku mbili kabla, likarekebishwa. Stesheni huangalia jina na nambari ya hati. Mpelekee anayekukatia tiketi picha ya ukurasa wa pasipoti, asiandike kwa kumbukumbu. Na tiketi ikifika, isome herufi kwa herufi.

Dada anayevaa nikabu asiingie na wasiwasi. Kwenye ukaguzi wa sura, omba kwa upole kukaguliwa na afisa wa kike, mahali pa pembeni. Mimi nimeomba hivyo Kenya na Tanzania, na sijakataliwa. Upole wenyewe una lugha yake: Tanzania mtu hasemi "nipe tiketi", husema "naomba", na mtu mzima huamkiwa "shikamoo" kabla ya shida yako kutajwa. Mume wangu, ambaye Kiswahili chake ni cha bara, alijifunza hilo siku ya kwanza, na milango ikafunguka.

Saa ya tiketi si saa ya ukutani

Tiketi huandikwa kwa saa za kizungu. Palipoandikwa 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, 08:00 ni saa mbili asubuhi, 15:00 ni saa tisa mchana na 22:00 ni saa nne usiku. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili nyumbani na kuisoma kwa Kiingereza kwenye simu huchanganya kwa urahisi, hasa wazee. Andika saa hiyo kwa maneno kwenye karatasi, uibandike juu ya sanduku. Kisha kumbuka kwamba hiyo ni saa ya kuondoka. Ukaguzi wa mizigo huchukua muda, na milango hufungwa kabla ya treni kung'oka. Mwenye watoto na mzee awe stesheni angalau saa moja na nusu mapema.

Mizigo na ukaguzi

Stesheni za reli mpya hukagua kama uwanja wa ndege. Kisu cha kumenyea matunda, makasi ya kushonea, mitungi ya gesi na makopo ya dawa za kupuliza viache nyumbani. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo chukua vikapu na mifuko ya kitambaa.

Zawadi za kwetu nazo zina uzito wake. Vinyago vya mawe ya Tabaka ni vizuri, lakini kimoja kikubwa kinaweza kumvunja mtu bega. Chagua vidogo, uvifunge ndani ya nguo. Majani ya chai ya Nyamira ni mepesi, hayavunjiki, na kila nyumba huyafurahia.

Kwenye stesheni za Madaraka Express mizigo hupangwa sakafuni kwa mstari, abiria husogea pembeni, na mbwa wa polisi hupitishwa akainusa. Wengi wetu hili hututia dhiki. Masheikh wetu wa madhehebu ya Shafi hufundisha kwamba kikavu kikigusa kikavu, najisi haihami. Kinachozingatiwa ni umajimaji, kama vile mate. Njia nyepesi ni kulivika sanduku foronya ya kitambaa inayovuliwa, ukaivua baada ya ukaguzi ukaiweka kando. Mswala, nguo za kuswalia na chakula viwe ndani kabisa, katika mfuko uliofungwa. Kwa hiyo usiwagombeze maafisa. Kazi yao ni kulinda roho za abiria wote, na yako imo.

Swala njiani

Safari ya Kisii hadi Dodoma, Dar es Salaam au Mombasa ni ndefu ya kutosha kumruhusu msafiri kufupisha swala za rakaa nne ziwe mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Alfajiri haifupishwi wala haikusanywi. Anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, huswali kamili akiwa hapo, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi. Mwenye hali ya pekee, na dada anayetaka kusafiri bila maharimu, amuulize sheikh wake kabla ya kukata tiketi.

Ruhusa hiyo ya kukusanya ndiyo ufunguo wa kupanga safari. Treni ya mchana yafaa kuchaguliwa kwa namna ambayo utaswali stesheni kabla ya kupanda, au utakapofika na wakati ungalipo. Hivyo hutalazimika kutafuta mahali pa kusimama katikati ya behewa lililojaa. Udhu uchukuliwe stesheni, kwani vyoo vya treni ni vyembamba na sakafu yake hulowa. Beba chupa tupu ya lita moja ya kujazia maji ya kujisafishia. Katika mizigo yangu yote, chupa hiyo ndiyo iliyotumika zaidi.

Kibla hakitupotei tukijua tulipo. Dar es Salaam na Mombasa kibla ni kaskazini karibu sawasawa. Ndiyo maana wazee wa Pwani neno "kibla" walilitumia hata kwa upande wa kaskazini. Kisii na Dodoma ni kaskazini pia, ikiegemea mashariki kidogo. Treni ya Dodoma kwenda Dar es Salaam huelekea mashariki, hivyo kibla kwa jumla kiko mkono wako wa kushoto, ingawa njia hupinda hapa na pale.

Chakula, watoto na wazee

Chakula cha nyumbani huondoa shaka ya halali na hupunguza gharama. Mahamri, chapati, katlesi kavu, njugu na ndizi mbivu za Kisii hustahimili siku moja. Vyenye nazi na mchuzi huchacha kwa joto, kwa hiyo viliwe siku ya kwanza asubuhi. Maji yawe ya kutosha kwa saa mbili zaidi ya muda uliotangazwa, maana chombo chochote chaweza kusimama.

Viti vya daraja la kawaida vya Madaraka Express vimepangwa kuelekeana, magoti kwa magoti. Familia ikikata tiketi pamoja na mapema hupata fungu zima, na mama anayenyonyesha hukaa upande wa dirisha bila macho ya mgeni mbele yake. Tiketi zikikatwa moja moja, mtatawanyika. Kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye nambari ya simu ya baba na ya mwenyeji. Nasi wakubwa tulikuwa na sheria moja: mtu mmoja hahesabu mizigo na watoto kwa wakati mmoja. Baba alihesabu masanduku, mimi nikahesabu vichwa.

Mzee asiachwe asimame kwenye foleni. Mtafutie kiti, mwambie afisa wa karibu kwamba yupo, na dawa zake ziwe mkobani mwake, zisiwe ndani ya sanduku lililowekwa mbali.

Kurejea kwa reli ya pili

Tulikaa Dar es Salaam wiki moja. Kurudi hatukufuata njia tuliyojia. Tulipanda basi hadi Tanga, tukavuka Horohoro na Lunga Lunga, tukafika Mombasa kwa wazazi wangu. Huko tukalala siku mbili, kisha asubuhi tukaenda stesheni ya Miritini na kupanda Madaraka Express. Hivyo safari moja ilitupatia reli mbili na nchi mbili, na jamaa wa pande zote wakaonwa. Naipendekeza njia hii ya mzunguko kwa kila familia ya Pwani inayoishi huku Gusii.

Mara hii hatukufanya haraka. Tulifika Miritini mapema mno, hata mume wangu akacheka. Katika mbuga ya Tsavo mama mkwe ndiye aliyewaona ndovu wa kwanza, wekundu kwa udongo, akawaonyesha wajukuu kwa fimbo yake. Syokimau tulishuka, tukapanda treni ndogo inayowapeleka abiria hadi stesheni ya katikati ya Nairobi, tukalala kwa jamaa. Basi la Kisii tulilipanda kesho yake, baada ya staftahi.

Ramani ya reli inayokusudiwa kutoka Naivasha hadi Kisumu inapita kaunti ya Nyamira. Iko siku, Inshallah, wajukuu wetu watapanda treni karibu na mashamba ya chai, na maungio yatapungua. Mpaka siku hiyo, sisi tutaendelea kuunga basi na reli, na tuunge kwa nafasi.

Mwaka huu mdogo wake mama mkwe anamwoza binti wa pili. Nilipomuuliza mama mkwe tukate tiketi za siku gani, alinitazama kwa muda, akasema tufike siku tatu kabla. Sikubishana naye.

Mwenyezi Mungu awajaalie safari zenu ziwe za kheri, awafikishe salama na awarejeshe salama kwa ahali zenu. Amin.